Jeniffer na Kibarua cha Tumbaku

Minza wa kijiji cha Litapunga hakuchoka kumsifu binti yake kisimani. "Jeniffer wangu si mvivu. Akitoka shule tu, huyoo shambani!"

Jeniffer alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili. Kila jioni, na Jumamosi kutwa, alichuma tumbaku ya jirani kwa kibarua ili apate viatu na madaftari. Darasani alisinzia. Mama yake aliona huko ndiko kukua.

Mvua zilipokolea, Jeniffer akaanza kutapika. Kichwa kilimzunguka, chakula hakikupita. Minza hakuuliza mara mbili. Alimzaba kibao.

"Nani kakutia mimba?"

"Mama, mimi sina mtu!"

"Nyie watoto wa siku hizi mnatuona wajinga!"

Baba yake, Methusela, akasema Jeniffer haendi tena shule. Kijiji kizima kikajua. Wenzake wakamcheka njiani. Mtoto alilia wiki nzima, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyemsikiliza. Inauma sana.

Mama Alex, mhudumu wa afya wa kijiji, alizisikia habari hizo akaja.

"Unatapika lini, mwanangu?"

"Nikitoka kuchuma. Hasa majani yakiwa yamelowa. Nisipoenda, sitapiki."

Akampeleka zahanati pamoja na mama yake. Wakapima. Mimba haikuwepo.

"Mama Jeniffer," alisema Mama Alex, "hii ni sumu ya tumbaku. Majani yakilowa, sumu inapita kwenye ngozi mpaka kwenye damu. Mtu mzima anaugua, sembuse mtoto? Hata sheria inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari."

"Kwa hiyo asifanye kazi kabisa?"

"Afanye kazi nyepesi, saa chache. Abaki na muda wa kusoma, kucheza na kulala. Mwili na akili yake bado vinakua."

Minza alitazama chini. Mkono uliopiga kibao aliuficha ndani ya kitenge.

Jeniffer aliachana na tumbaku, akarudi shule. Siku hizi humsaidia shangazi yake dukani Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu. Hatapiki tena. Darasani hasinzii, na hesabu zimeanza kumkubali.

Jioni moja, wakichambua mboga, Minza alijikaza.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama," Jeniffer alijibu bila kuinua macho. "Ila nikiumwa tena, nitamwambia Mama Alex."