Cheti cha Bibi Cecilia

Nilikwenda kwa jirani yangu Biasha kuomba moto. Jua lilikuwa linazama na jiko langu limezimika. Nasema mapema, asije mtu akaniambia niliota: nilikuwa macho, kijinga cha moto mkononi, na pombe siijui.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka ule vijana wetu walipochukuliwa kufyeka mapori kwa mashamba ya karanga. Siku hiyo tulikuwa tumeanua matanga ya bibi yangu, Cecilia. Kitomanga nzima ilimjua. Masista walimkomboa utumwani akiwa mtoto, wakamsomesha, na mwaka 1891 wakampa cheti. Kilitundikwa ukutani ndani ya kioo. Chini yake alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, ile C ya kwanza ina mkia mrefu wa kujidai. Barazani kwake, nyumba hii tuliyoishi wote, alifundisha wasichana kusoma mpaka alipokufa.

Mjomba Alfonsi, mwanawe wa kumzaa, hakutaka nguo wala kitanda. Alitaka cheti tu.

"Kesho nakuja kukichoma, Brigita. Maandishi ya maiti hayakai nyumbani."

Nikamsindikiza hadi njiani. Mjomba ni mjomba.

Basi narudi na moto wangu...

Krrr... krrr...

Mkaa unakwaruza ukuta. Na harufu, jamani! Udongo mbichi, wa shamba lililotoka kulimwa.

Barazani amesimama mwanamke, kanipa mgongo. Gauni jeupe tulilomzikia Bibi, limejaa tope hadi magotini.

"Bibi?" nikanong'ona.

Akageuka. Akafungua kinywa.

Hakuwa na ulimi.

Kwetu kila mtoto anajua maana yake. Mchawi akimfanya mtu msukule amlimie usiku, humkata ulimi asije akamtaja. Nilisahau kijinga mpaka kikaniunguza vidole. Bibi akanyoosha mkono ukutani.

*Alfonsi ananilimisha. Cecilia.*

C ina mkia.

Nilipogeuka, hayupo. Alfonsi kumfanyia hivi mama yake mzazi! Woga ukanitoka, zikabaki hasira.

Asubuhi Mjomba alikuja na kiberiti. Alinikuta mlangoni, cheti kifuani, Biasha na wanawake wa mtaa wamenizunguka.

"Lete."

"Kwanza soma ukutani, Mjomba."

Akakodoa macho tu. Utotoni alikataa kufundishwa na mama yake, eti kusoma ni mambo ya wanawake. Nikamsomea mimi, kwa sauti, watu wasikie.

"Nyamaza, Brigita. Utalia."

"Nimeshalia. Hakichomwi!"

Kiberiti kikamponyoka. Akashika njia ya Mingoyo, na hajarudi mpaka leo. Bibi naye sikumwona tena. Padri anasema niliandika mimi, kwa huzuni. Haya, na tope la barazani nililitoa wapi?

Cheti kipo ukutani. Ila shamba la Mjomba halina mwenyewe, na chini ya mikorosho yake palizi ni safi mwaka mzima. Wapo misukule wengine kule, na hao hawakusoma.

Ndiyo maana nafundisha: wasichana, mama zao, hata vikongwe wasio na meno. Wakinicheka nawaambia, cheka, lakini jina lako uliandike. Na kila jioni naacha kipande cha mkaa barazani. Asubuhi nakuta ukuta una mikwaruzo mitupu, ya mikono isiyowahi kushika kalamu.

Jana, mmoja wao alikuwa amepata herufi moja.