Waya wa Kijani

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne na ninaishi peke yangu Kangemi, chumba kimoja. Niliwahi kuwa na mke. Nisomeni kwanza, kisha mnitukane!

Nilikuwa nikitunza bustani ya wazungu fulani Lavington. Mke wangu, Mama Wafula, aliwafulia nguo. Tulipewa chumba cha sementi nyuma ya nyumba, chenye stima. Jumapili, mabwana wakienda kanisani na kisha klabu, tuliwauzia wenzetu busaa. Mnaijua busaa, pombe ya kwetu magharibi: watu huzunguka chungu na mirija yao mirefu, na mtu huongeza maji moto kila mara. Bila maji moto, hakuna busaa.

Lakini moto wa kuni una moshi, na memsabu alikuwa na pua...!

Basi nikajiona fundi. Stoo kulikuwa na birika la stima lililotupwa. Nikalichukua bila kuomba, nikang'oa koili yake, nikaifunga ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Nikatoboa debe, nikatia mfereji mdogo wa kufungulia maji. Ulivuja, nikakata mpira kwenye viatu vya mvua vya Mama Wafula, nikauzibia. Waya ulikuwa na nyuzi tatu: mwekundu, mweusi na wa kijani. Wa kijani niliuona pambo tu... nikaukata, kipande chake nikafungia mkono wa debe.

Maji yakachemka bila moshi! Wenzangu walinisifu, nami kichwa kikavimba.

Mama Wafula sasa alichota maji miguu mitupu, sakafu imelowa. Jumapili ya pili akaniambia, "Baba Wafula, hii kitu yako inaniuma mkono."

Nikamjibu mbele ya watu, "Ni busaa imekupanda, mama!" Wote wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa aibu. Na mimi nililigusa debe lile, nikiwa na viatu, sikusikia kitu. Kwa nini sikuvua viatu? Kwa nini?

Jumapili ya tatu aliniomba nichote mimi. Nilikuwa nimeshika mrija, nasimulia hadithi. Nikamwambia asinitie aibu, achote.

Alishika debe, hakuliachia... Nilipochomoa plagi, alikuwa ameshakufa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba uzi ule wa kijani ndio ungeipeleka stima ardhini, isimpitie yeye.

Mngedhani ukatili wangu uliishia hapo? Mabwana walirudi, polisi wakaja. Memsabu akauliza ni nani aliyeiba birika na kutengeneza kitu kile. Wenzangu walikuwa wameshatoroka. Nikaiona kazi yangu ikienda.

Nikasema, "Ni yeye, memsabu. Mimi nilikuwa bustanini."

Nilibaki kazini miaka minane!

Tulimzika kama mwizi. Mama yake aliniomba msamaha, jamani, akinishika mikono hii hii! Nikamwambia nimesamehe.

Mwaka huu Wafula, mwanetu, alikwenda kuposa. Wazee wa msichana wakakataa: mamake aliiba kwa wazungu, akafa katika wizi wake. Nilikuwa nimeketi pale pale. Wafula akanitazama, akasema, "Baba, waambie mama hakuwa hivyo."

Nikaangalia chini...

Ndugu, mkeo akikwambia kitu kinamuuma, amka ukiguse kama anavyokigusa yeye. Usimcheke. Na wewe Wafula, unanunua gazeti hili kila mwezi. Birika nililiiba mimi.