Rufaa Aliyoiandika Mpenzi Wangu

Kibanda cha fotokopi nyuma ya mahakama kilijaa watu wenye haraka. Fundi simu mmoja, shati limelowa jasho mgongoni, akamkanyaga mwanadada wa sketi nyeusi aliyekuwa mbele yake.

"Samahani, dada."

"Samahani itaniponya kidole?" Lakini alicheka, na jamaa akasahau hata alichokuja kutoa kopi. Loo, mapenzi hayana adabu!

Wakapeana namba, simu zikaanza, asubuhi mpaka jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nasubiri unilishe."

Kazi yake, mwanadada alisema ni ya mahakamani, basi. Siku moja fundi akamwaga moyo: mdogo wake wa kike, miaka kumi na sita, alimmwagia mwenzake wa shule maji ya moto usoni. Akapewa kifungo cha nje, na sasa serikali imekata rufaa, inasema adhabu ni ndogo. "Halafu mwenyewe wala hajutii, laazizi. Anacheka tu."

"Usiniambie zaidi!" Simu ikakatwa. Siku nne mwanadada hakupokea. Fundi alikuwa haketi, hasimami.

Siku ya rufaa akamkuta kwenye korido ya mahakama, amevaa joho, kati ya mawakili wa serikali. Damu ikamchemka.

"Kumbe ulikuwa unanichimba!"

"Rufaa niliiandika mimi, kabla sijakujua. Uliponiambia, nikarudisha faili kwa bosi. Leo anasimama mwenzangu. Ulichoniambia sijamwambia mtu."

"Mwongo mkubwa!" Akaingia ndani na mama yake.

Wakili aliyesimama badala ya mwanadada alisema habari za majeraha tu. Kicheko hakikutajwa. Hata hivyo jaji akafuta kifungo cha nje: miaka miwili ndani. Mama akalia mpaka akashikwa mkono kutolewa nje.

Fundi alizunguka uwanja wa mahakama mara tatu, kisha akampigia mwanadada simu. Ikapokelewa papo hapo.

"Wamempa miwili."

"Nimesikia. Pole, mpenzi wangu."

"Ungesimama wewe, ungeomba hivyo hivyo?"

Mwanadada angeweza kudanganya. "Ningeomba. Yule binti aliyeungua nimemwona uso."

Fundi alikuwa na hasira naye, na alimpenda, vyote kwa pamoja.

"Jumamosi naenda kumwona mdogo wangu. Sitaki kwenda peke yangu."

"Atanichukia."

"Atakuchukia sana," akasema. "Njoo."