Abiria wa Sita A

Shemeji yangu aliingia ofisini kwetu, pa kukatia tiketi za ndege, saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimeshafunga dirisha moja. Alikuwa anasafiri asubuhi, safari ya muda wa saa kumi na tatu angani, na alitaka nimchagulie kiti kizuri kuliko vyote katika daraja la biashara.

Kazi hiyo niliifanya miaka thelathini na mmoja. Nakijua kiti kinacholala sawasawa kama kitanda, na kile kinachopigwa na mwanga wa jiko la ndege.

“Shemeji, nipe cha wakubwa,” alisema akicheka. “Usinitupe kwenye mizigo.”

Akaongeza kwamba hataki jirani. Anataka kulala.

Miaka miwili nyuma alisafiri na mkewe, mdogo wangu wa tumbo moja. Mdogo wangu alikuwa na pumu. Yeye alikaa dirishani, sita A; mumewe sita B, upande wa njia. Kifua kilipombana, mhudumu alikuja mara tatu kuuliza kama ndege itue mahali wapate daktari. Shemeji alikuwa anawahi kutia sahihi mkataba. Mara zote tatu alijibu vilevile: “Amelala. Mwacheni.”

Walipofika, mdogo wangu alikuwa wa baridi.

Mhudumu yule ndiye aliyenieleza. Tangu hapo viti vile viwili nilivifunga kwenye kompyuta, asipewe mtu. Wahudumu walinishukuru. Walisema taa ya kumwitia mhudumu huwaka pale, na pale hapana mtu.

Jioni ile nilivifungua.

“Sita B,” nilimwambia. “Hapana kizuri zaidi. Na jirani huna.”

Hakuikumbuka hata namba. Alinishika mkono, akaenda zake.

Ndipo ofisi ikanuka mkaratusi... mafuta aliyokuwa akijipaka mdogo wangu kifuani.

Nilitazama skrini. Sita A palikuwa peupe. Sasa palikuwa pekundu, pamechukuliwa. Nilitafuta jina la abiria.

Hapakuwa na jina.

Nyuma yangu pumzi ikapiga mluzi mwembamba. Ndani... nje... Sikugeuka.

“Nenda naye,” nilinong’ona.

Keshokutwa yake mhudumu yuleyule alinipigia simu. Shemeji hakushuka kwa miguu yake. Daktari aliandika moyo. Lakini midomo ilikuwa ya buluu, na kucha zake zilikuwa zimechana shati kifuani.

“Taa yake iliwaka mara tatu, mzee,” alisema kwa sauti ya chini. “Nikaenda mara tatu. Macho yalikuwa wazi, hasemi. Aliyenijibu ni yule mama wa dirishani.”

“Alisemaje?”



“Amelala. Mwacheni.”

Nilikata simu na usiku ule nikalala vizuri. Nilidhani yamekwisha.

Mwezi huu nimestaafu, na kampuni imenizawadia tiketi nikamtembelee binti yangu. Nimejichagulia kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo. Kila nikifungua tiketi, nakuta sita B.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Safari ile mdogo wangu aliniomba kiti cha njiani, apate kuinuka upesi kifua kikimbana. Mumewe naye alikitaka. Nikampa mumewe, nikamwambia mdogo wangu avumilie.

Ndege inaondoka kesho asubuhi. Nimefungua madirisha yote ya chumba, na bado kinanuka mkaratusi.