Debe Lilinyamaza Saa Nne na Robo

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa. Ni mkulima wa mpunga huku Mbuchi, na darasani niliishia la saba. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe. Naandika haya kwa sababu kuna uongo nimeishi nao mwaka mzima, na sasa umenishinda...

Kidato cha nne nilishafaulu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka jana nikajiandikisha mtihani wa kidato cha sita, na katika fasihi ya Kiingereza nikakutana na riwaya ya zamani ya Kimarekani. Nilipata nakala iliyochakaa Kibiti. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilichora safu tatu daftarini: wahusika, ishara, msuko. Kila nilipoketi kusoma niliandika saa.

Riwaya ile ilihusu familia inayoishi kando ya kiwanda cha kupasua mbao. Misumeno inanguruma tangu ukurasa wa kwanza. Siku inaponyamaza, msomaji anajua kuna mtu amekufa kabla hajaambiwa. Katika safu ya ishara niliandika: "Kimya ni mauti." Nikapigia mstari mara mbili.

Mke wangu, mama Zuhura, hakujua Kiingereza, lakini kila jioni alitaka nimsimulie. Alimchukia sana baba wa familia ile.

"Mwanamume gani huyo," aliniambia, "anasikia mashine, hasikii watu?"

Tulicheka...

Mpunga wetu ulichelewa. Majirani walikuwa wameshavuna, sisi bado tunawinga ndege wasimalize masuke. Shamba liko ng'ambo ya mkono wa mto, na mlinzi hukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, akipiga debe tangu alfajiri. Sauti inafika mpaka nyumbani. Na kwetu inajulikana: debe likinyamaza mchana, nenda katazame. Hata mtoto mdogo anajua!

Tulikuwa tukipokezana, siku yangu, siku yake. Wiki mbili kabla ya mtihani nikamwomba anishikie zamu zangu. Hakunung'unika.

"Kasome Wamarekani wako, baba Zuhura," alisema. "Ndege niachie mimi, hawaulizi cheti."

Alhamisi ile debe lilinikera. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne. Kisha likanyamaza... Mnajua nilifanya nini? Nilishukuru! Nilitazama saa, nikaandika daftarini kwa hati nzuri: "Saa nne na robo. Kimya. Sasa nasoma vizuri."

Nikasoma kurasa thelathini na mbili. Sitawadanganya kwamba halikunijia akilini. Lilinijia. Nikajiambia anakula, amepumzika, nimalize sura hii... kisha iliyofuata.

Nilivuka mto baada ya swala ya alasiri. Nilimkuta chini ya ngazi ya dungu, mguu umevimba hadi pajani. Nyoka alimgonga aliposhuka, na debe lilikuwa juu. Hakuweza kupanda tena. Alikuwa ametulia, kama mtu aliye na hakika.

"Nilijua," alisema kwa shida, "usiposikia debe utakuja."

Tulimpakia kwenye mtumbwi wa jirani. Zahanati hakufika.

Msibani Zuhura, binti yetu wa pekee, aliyeolewa Mtunda, aliniuliza jambo moja tu.

"Baba, debe lilinyamaza saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba sikusikia, nilikuwa nimepitiwa na usingizi. Akaniamini! Akanishika mkono, akanisihi nisijilaumu.

Siku tisa baadaye nilikwenda kufanya mtihani. Swali la pili lilitaka ishara. Nikaeleza kimya cha misumeno, hoja baada ya hoja. Nilifaulu vizuri. Watu walikuja nyumbani kunipongeza, nami nikawapikia chai. Kuna aibu kubwa kuliko hiyo?

Mwezi uliopita Zuhura alikuja kupanga vitu vya mama yake. Niliporudi kutoka msikitini sikumkuta. Daftari lilikuwa mezani, limefunuliwa ukurasa ule. Juu yake aliweka kile kijiti cha kupigia debe.

Simu zangu hapokei. Nilimfuata hadi Mtunda. Mkwe wangu alinipokea kwa adabu, akanipa maji, akasema mkewe hataki kutoka chumbani. Nilimsikia mle ndani akisogeza kiti. Nilikaa barazani mpaka nikaona namwaibisha kijana wa watu, nikaaga.

Wenzangu, someni, sikatazi. Lakini mtu wako akinyamaza, funga kitabu. Usimalize sura! Mimi nilijua maana ya kimya, niliipigia mstari mara mbili, na haikumsaidia mtu yeyote isipokuwa msahihishaji.

Mwaka huu sikupanda mpunga. Hakuna debe ng'ambo. Kutwa nzima ni kimya, na sasa nakisikia... lakini hakuna tena wa kumvukia.