Kondo la Jaani

Wifi yangu Dhadho alijifungua kliniki moja pale Garsen, na kondo la nyuma wakalitupa na taka. Kwetu kondo huzikwa nyumbani, likiwa limefungwa, wala halifunuliwi tena. Dhadho alimwona muuguzi akilitia kwenye mfuko mwekundu, akaondoka bila kuliomba. Mtoto akakataa ziwa. Kufikia siku ya pili hata kulia hakuweza.

"Wifi, mwanangu anakufa," akaniambia.

"Si uliwaachia kondo lake? Kaa hapo, nikakusafishie uchafu wako!"

Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

Jua lilikuwa linatua nilipofika jaani. Si lile jaa la zamani la kando ya barabara, ng'ombe wetu walipokula mifuko hadi matumbo yakaziba. Hili jipya ni shimo refu, limetandikwa nailoni chini ili maji machafu yasiingie mtoni, na kila jioni tingatinga hufukia taka zilizoletwa siku hiyo; za kliniki zilikuwa zimeletwa mchana ule. Mwendeshaji wake, Adan, alikuwa anatawadha.

"Harakisha, dada Barwako. Nikimaliza magharibi nafukia. Na kikishafukiwa, hakitoki."

Nikashuka. Nzi. Dawa ya kliniki. Nikachokora kwa fimbo: bandeji, sindano, pamba zenye damu...

Nzi wakanyamaza.

Ikaja harufu ya maziwa mabichi. Katikati ya uozo ule, maziwa!

"Unatafuta nini?"

Mwanamke alikuwa amechutama karibu yangu, mtandio hadi machoni. Mikono yake ilikuwa safi kabisa.

"Kondo la mtoto wetu," nikanong'ona.

Akaninyooshea mfuko mwekundu, umefungwa vizuri. Ulikuwa na joto.

"Ukichukua hiki, mimi nitabaki na nini?"

Juu, tingatinga likanguruma. Nikapandwa na hasira.

"Baki na utakacho! Niache!"

Nikapanda mbio bila kugeuka. Nyumbani Dhadho alikuwa amejilaza, mtoto kafunikwa leso kando yake.

"Ametulia, wifi. Amelala," akasema, machozi ya furaha yakimtoka.

Sikuufungua mfuko, mila ni mila. Nikachimba nyuma ya nyumba, nikauzika, nikashindilia udongo kwa miguu yangu miwili. Nikapiga na kigelegele.

Baadaye Adan akapita na pikipiki akirudi kwake. Akasimama.

"Dada, jaani si mahali pa kwenda na mtoto mchanga."

"Mtoto gani?"

"Si yule uliyepanda naye? Nilimsikia akilia."

"Na yule mwanamke je?"

"Mwanamke gani? Shimoni ulikuwa peke yako."

Yallah! Nilichimba kwa kucha. Mfuko ulikuwa umefungwa vilevile. Nikaupasua.

Mtoto.

Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Vidole vyake vidogo vilikuwa vimeung'ang'ania mfuko kwa ndani. Nilimtikisa, nikampulizia, nikamwita. Alikuwa amekufa, na udongo uliomfunika niliushindilia mimi.

Nikakimbilia ndani nikipiga kelele. "Dhadho! Usifunue leso hiyo! Usiguse!"

Alikwisha kuifunua. Kilichokuwa mapajani mwake hakikuwa na macho wala mikono. Kilikuwa nyama tu, nyekundu, mbichi, na kitovu chake kikining'inia. Dhadho alikuwa amekipakata, analia na kucheka.

"Polepole, wifi, utamshtua," akanong'ona. "Njoo uone. Ananyonya."

Nikasogea, nikatazama.

Kilikuwa kinanyonya.