Wivu wa Mume Wangu na Dumu la Tembo Jikoni

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkaazi wa Msambweni, na kazi yangu ni kupika vitumbua na mkate wa kumimina. Haya ninayoyaandika sijamweleza mtu yeyote, hata shoga yangu wa karibu. Wivu uliingia nyumbani mwangu ukavua viatu mlangoni kama mgeni wa heshima... na ulipotoka, ulitoka na watu wangu wawili!

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Mama akamfuata nilipokuwa la saba. Nilibaki na mdogo wangu wa kiume, Salimu, ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota upya. Jamaa walitaka kutugawa, mimi niende kwa shangazi Ukunda na yeye kwa mjomba Lunga Lunga. Nilikataa! Nikaacha shule, nikashika karai la mama la vitumbua.

Vitumbua hivyo ndivyo vilivyomsomesha Salimu mpaka akamaliza kidato cha nne. Siku ya kusajili askari alikwenda uwanjani, akakimbia na wenzake, akachukuliwa jeshini. Nililia kwa furaha mpaka majirani wakadhani nimefiwa.

Miaka ikapita, nikaolewa na Bakari, mtunza bustani katika nyumba moja ya watalii kule Diani. Sitamsingizia, alikuwa mume mwema. Alinichekesha hata nikiwa nimechoka. Mungu hakutujaalia mtoto, lakini hakuna siku aliyonisimanga kwa hilo.

Kisha Salimu akarudi...

Alikuwa amepelekwa vitani ng'ambo ya mpaka, na gari lililokuwa mbele ya lao likalipuliwa. Marafiki zake walikuwa ndani. Aliyerudi kwangu alikuwa na uso wa Salimu na sauti ya Salimu, lakini mlango ukibamizwa alijitupa kifudifudi sakafuni. Akaacha jeshi, akaanza kulewa. Siku moja huko mangweni wanakouza tembo la mnazi, mtu mmoja akawasha fataki nyuma yake kwa mzaha. Salimu akamrukia akamvunja taya.

Nilijua ndugu yangu amekwenda. Jela! Nani angemsikiliza?

Kumbe kule Kwale hakimu alikuwa ametenga siku maalumu kwa kesi za watu waliowahi kuvaa sare za jeshi. Hakuuliza tu Salimu amefanya nini. Aliuliza pia Salimu amefanywa nini. Salimu alikiri kosa, akamwomba radhi yule aliyemjeruhi mbele ya watu wote, na yule mtu akakubali. Kifungo kikawekwa kando kwa masharti. Atibiwe akili hospitalini. Arudi mbele ya hakimu mara kwa mara apimwe ulevi. Aongozwe na askari mstaafu. Na akae katika nyumba isiyo na tone la kileo. Akivunja sharti, kifungo kinamngoja.

"Nani atamchukua?" hakimu akauliza.

Nilisimama kabla hajamaliza. "Ni mimi, mheshimiwa. Mimi ndiye mama yake."

Bakari alikuwa ameketi kando yangu. 

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Salimu alimeza dawa zake, akaanza kula, akanenepa. Lakini kadiri alivyopona, ndivyo mume wangu alivyozidi kununa. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba, nanyi mnajua. Siku moja nilimpakulia Salimu kichwa cha samaki changu, kwa furaha ya kumwona ameomba chakula mwenyewe. Bakari alingoja mpaka Salimu akatoka.

"Mishi, hebu niambie. Hapa mume ni nani?"

Nikacheka nikidhani ni mzaha wake wa kawaida.

"Usicheke! Mimi nikiumwa kichwa naambiwa dawa iko kabatini, nikachukue. Yeye akikohoa tu, nyumba nzima yasimama. Wewe umeolewa na nani?"

Nilimwambia aone haya, mtu mzima kumwonea gere mgonjwa. Hilo ndilo jibu nililompa mume wangu. Na mimi je, nilikuwa salama? Hata!

Yule askari aliyepewa kumwongoza Salimu alikuwa Sajenti Mwero, mzee mstaafu anayelima mihogo Mkongani. Kila Alhamisi alikuja, wakaketi uani nyuma ya nyumba. Niliwasikia wakiongea, mara nyingine wakicheka. Ndugu yangu alikuwa akicheka, na mimi hakuwa amenichekea tangu arudi! Nikiwapelekea chai, wote wawili walinyamaza.

"Shikamoo, Sajenti."

"Marahaba, mama. Chai yako haina mfano."

Kisha alingoja niondoke. Moyo uliniwaka kama karai. Nilimlea mimi! Nilimfunga vifungo vya shati mimi! Huyu mzee wa mihogo alimjua Salimu lini? Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikitega sikio, na kila nilichoambulia ni minong'ono. Wasomaji, hebu fikirini, nyumba ndogo kama ile, na ndani yake wivu wa watu wawili!

Sasa nije kwenye dumu.

Wapishi wa pwani mtanielewa. Mimi unga wangu sikuuumua kwa hamira ya dukani. Niliuumua kwa tembo la mnazi lililolala likachacha, kama alivyofanya mama yangu, na ndiyo sababu watu walitoka hadi Diani kufuata mkate wangu. Kiasi kidogo tu kwenye unga wa mchele, likipita motoni ulevi hauna nafasi. Dumu langu lilikaa nyuma ya gunia la mchele tangu nikiwa msichana. Kwangu halikuwa pombe. Lilikuwa kama chumvi! Hakimu aliposema tone la kileo, niliwaza chupa za walevi. Dumu halikunijia akilini hata kidogo.

Lilimjia Bakari.

Asubuhi moja afisa wa probesheni, aliyewekwa na mahakama kumfuatilia Salimu, alikuja bila kubisha hodi ya siku zote. Alinisalimu kwa adabu, akapita moja kwa moja jikoni, akasogeza gunia la mchele. Nani alimwelekeza pale? Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameegemea mlango, anaangalia kucha zake.

Salimu alichukuliwa siku hiyohiyo. Alinitazama tu...

"Ni wewe, Bakari?" nikamuuliza.

"Nimesema uongo? Tembo limo au halimo?"

"Ni la unga!"

"Basi kamwambie hakimu ni la unga." Kisha sauti yake ikakatika. "Nilitaka mke wangu arudi, Mishi. Sikutaka lolote zaidi."

Siku ya kesi nilieleza yote. Niliposema tembo ni la vitumbua, watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Salimu alikuwa amepimwa, na hakuwa na ulevi mwilini.

"Ulijua tembo limo nyumbani?" hakimu akamuuliza.

"Nilijua tangu siku ya kwanza, mheshimiwa. Harufu yake ilikuwa ikiniamsha alfajiri, dada akianza kukoroga unga. Nilikuwa nikitoka, natembea mpaka amalize kukaanga."

Ee Mola wangu! Kila alfajiri nilikuwa nikimwona akitoka, na nikimsifu kwa majirani kwamba ndugu yangu anafanya mazoezi.

"Kwa nini hukumwambia dada yako?"

Salimu aliinamisha kichwa. "Vitumbua hivyo ndivyo vilivyonilea. Ningemwambiaje amwage?"

"Hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia Sajenti."

Sajenti Mwero akasimama. Akasema kila Alhamisi alikuwa akimsihi Salimu anieleze, na kila mara nikifika na chai, kijana alishindwa. Hiyo ndiyo siri niliyokuwa nikiionea wivu nyuma ya mlango. Walikuwa wakinizungumzia mimi!

Hakimu hakumfunga. Lakini aliamuru Salimu ahamie kwa Sajenti, Mkongani. Aliniambia kwa upole, "Mama, huyu ametoka vitani. Nyumba yako kwa sasa ina vita vyake."

Jioni ile nilimpakulia Bakari kichwa cha samaki. Alikitazama, akasukuma sahani. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakikumpita kooni. Baadaye alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake Mackinnon Road. Hupiga simu kuomba radhi. Mara nyingine napokea, tunasikilizana tukipumua. Bado sijui nitamjibu nini.

Dumu nililimwaga. Sasa natumia hamira, na wateja wa zamani wananiuliza mkono wangu umepatwa na nini. Siku za Salimu kufika mahakamani nami huhudhuria, nikiketi benchi la nyuma. La mbele huketi yeye na Sajenti, bega kwa bega, na siwadanganyi, wivu bado huniuma. Mwezi uliopita tulipotoka nje Salimu alionja kitumbua changu.

"Dada, hivi si vya mama."

"Ni vya hamira," nikamwambia.

Akala mpaka mfuko ukaisha, akanitazama machoni, akacheka. Alicheka na mimi!

Ndugu zangu, mkimchukua mgonjwa nyumbani, msitazame godoro tu. Tazameni na vitu mlivyovizoea hadi hamvioni tena. Akimpata wa kumsikiliza asiyekuwa wewe, mpelekee chai yake uondoke. Na wewe uliyeolewa, nakuomba, usifanye kama mimi. Hakimu alipouliza nani atamchukua, mume wangu alikuwa kando yangu, bega lake limegusa langu... nami nilisimama bila kugeuka kumtazama.